Mali Bila Daftari: Simba Elsa na Funzo kwa Meru na Embu

Shule zinapokaribia kufunguliwa, katika soko la Gakoromone mjini Meru na katika maduka ya mjini Embu, haikosekani mikoba ya watoto yenye picha ya binti wa Kizungu mwenye nywele nyeupe na vazi la samawati. Watoto humwita binti huyo kwa jina lake, Elsa. Ni malkia wa barafu katika filamu ya katuni ambayo kampuni ya Disney ya Marekani iliitoa mwaka 2013. Lakini waulize watoto hao hao habari za Elsa mwingine, yule aliyezikwa kando ya Mto Ura katika Mbuga ya Taifa ya Meru, na si ajabu wengi wakakutazama kana kwamba umewatega kitendawili.

Elsa huyu mwingine alikuwa simba jike. Alizaliwa mwaka 1956 na akafa tarehe 24 Januari 1961, kabla hajatimiza miaka mitano. Hata hivyo, kazi yake katika biashara ya burudani imeendelea kwa zaidi ya miaka sitini baada ya kifo chake. Vitabu, filamu, nyimbo, vipindi vya televisheni, majina ya mashirika na hata jina la hoteli ya watalii vimetokana na maisha yake mafupi. Ni wachache mno katika nchi yetu, watu kwa wanyama, waliopata kutumika kwa muda mrefu hivyo katika biashara ya majina na sura.

Nimeichagua habari ya simba huyu kwa sababu ina funzo ambalo walimu na wanafunzi wa Meru na Embu hawana budi kulitia maanani. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Upande huu wa Mlima Kenya una mali nyingi ya ngoma, nyimbo, hadithi na sura. Linalokosekana ni daftari.

Kisa na mwandishi wake

Tuanze na kisa chenyewe. George Adamson alikuwa afisa wa wanyamapori, au bwana nyama kama walivyoitwa enzi zile, katika maeneo ya kaskazini mwa Kenya. Mwaka 1956 alimpiga risasi simba jike aliyemshambulia, na baadaye akagundua kuwa mnyama huyo alikuwa akiwalinda watoto wake watatu. Wawili walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam nchini Uholanzi. Aliyekuwa mdogo kuliko wote akabaki na kulelewa na George na mkewe, Joy. Huyo ndiye Elsa. Alipokua, walimfunza kuwinda na kujitegemea, wakamwachilia katika pori la Meru. Mnamo Desemba 1959 alizaa watoto watatu aliowapata kwa simba wa porini, na akawa akiwaleta kambini bila hofu.

Joy Adamson aliyaandika haya yote. Mwaka 1960 kitabu chake, Born Free, kilichapishwa mjini London, kikauzwa kwa wingi na kutafsiriwa kwa lugha nyingi. Vitabu viwili vya kuendeleza kisa hicho vikafuata mwaka 1961 na 1962. Mwaka 1966 ikatolewa filamu, na mwaka uliofuata muziki wake ukapata tuzo mbili za Oscar, moja ya muziki wa filamu na nyingine ya wimbo wenyewe. Filamu ya pili ilitolewa mwaka 1972. Mwaka 1974 kisa hicho kikawa kipindi cha televisheni nchini Marekani. Waigizaji wakuu wa filamu ya kwanza, Virginia McKenna na Bill Travers, walianzisha shirika la kutetea wanyama ambalo hatimaye lilichukua jina la kitabu, na bado linatumia jina hilo. Ndani ya Mbuga ya Meru kwenyewe, juu ya kilima cha Mughwango ambako George aliwahi kupiga kambi, kuna hoteli ya kifahari yenye jina la Elsa.

Katika kitabu wametajwa pia watu wawili ambao bila wao kisa kisingekamilika. Mmoja ni Nuru, aliyepewa jukumu la kuwalea watoto wa simba walipokuwa wangali wachanga. Wa pili ni Makedde, askari wa wanyamapori aliyejua kusoma nyayo kuliko mabwana zake. Katika filamu, nafasi zao ziliigizwa na Peter Lukoye na Omar Chambati. Ulimwengu unamkumbuka Joy na unamkumbuka George. Nuru na Makedde wanakumbukwa na wale tu wasomao vitabu kwa makini.

Ikumbukwe pia kwamba filamu hiyo haikupigwa katika pori la Meru, bali Naro Moru, upande wa pili wa Mlima Kenya. Baada ya kazi kwisha, baadhi ya simba waliotumiwa, wakiwemo Boy na Girl, walikabidhiwa George, naye akawaleta Meru kuwafunza maisha ya porini. Meru ilitoa kisa, filamu ikapigwa kwingine, kisha Meru ikapokea waigizaji wastaafu wa miguu minne.

Je, kuna aliyeibiwa hapa? Haki itendeke. Joy Adamson hakuvunja sheria yoyote kwa kuandika aliyoyaona. Isitoshe, sehemu kubwa ya mapato ya vitabu vyake aliielekeza katika mfuko wa kuhifadhi wanyama uliobeba jina la Elsa, na hifadhi ya Meru ilikuwa miongoni mwa waliofaidika. Hifadhi hiyo ilianzishwa chini ya baraza la wilaya la Waafrika wa Meru kabla ya kufanywa mbuga ya taifa mwaka 1966, na sifa za Elsa ziliijengea jina duniani. Mgala muue na haki yake umpe.

Hata hivyo, lazima tulielewe jambo moja. Simba alikuwa wa pori la Meru, lakini kisa cha simba kilikuwa cha aliyekiandika. Sheria haimlipi mwenye tukio, humlipa aliyelitia tukio katika maandishi, picha au sauti. Jumba la makumbusho la akina Adamson halipo Maua wala Meru mjini. Lipo Elsamere, kando ya Ziwa Naivasha, walikokuwa na nyumba. Nayo ada ya kuingia mbugani, kwa kuwa ni mbuga ya taifa, hukusanywa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, wala si na kaunti.

Biashara ya kibali

Huenda mwanafunzi akauliza: biashara hii ya kuuza jina na sura huendeshwaje? Msingi wake ni mwepesi. Mwenye kazi ya sanaa hauzi kazi yenyewe, bali hutoa kibali cha kuitumia. Kibali hicho hutaja ni bidhaa gani itakayotengenezwa, itauzwa nchi zipi, kwa muda gani, na mwenye kazi atalipwa fungu gani katika kila bidhaa itakayouzwa. Malipo hayo ndiyo mrabaha. Muda ukiisha, haki humrudia mwenyewe, naye aweza kuitoa upya kwa mwingine. Kwa njia hiyo, hadithi moja huzaa kitabu, kitabu huzaa filamu, nayo filamu huzaa fulana, mikoba, vikombe na wanasesere.

Mfano wa kale ni wa mwandishi Mwingereza Beatrix Potter. Mwaka 1903, baada ya kitabu chake kuhusu sungura aitwaye Peter kupendwa sana, alishona mwanasesere wa sungura huyo na kumsajili katika ofisi ya hataza mjini London kabla wengine hawajamwiga. Mama huyo alitambua kwamba kitabu husomwa na kurudishwa rafuni, bali mwanasesere hulala na mtoto kitandani.

Mfano wa karibu zaidi ni wa George Lucas wa Marekani. Alipokuwa akitayarisha filamu yake ya Star Wars, iliyotolewa mwaka 1977, alikubali ujira mdogo kuliko ule ambao angeweza kudai, mradi abaki na haki za bidhaa na za filamu za kuendeleza hadithi. Wenye studio waliona kwamba wamepata nafuu, kwani enzi hizo wengi walidhani bidhaa za filamu ni takataka za kutangaza tu. Mwaka 2012 Lucas aliiuza kampuni yake kwa Disney kwa zaidi ya dola bilioni 4. Si filamu peke yake zilizomtajirisha, ni vifungu vya mkataba ambavyo wenzake hawakuvithamini.

Simba wengine wawili

Mtu aweza kusema kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. La, hasha. Bara letu lina simba wengine wawili ambao habari zao zinafaa kusomwa pamoja na ya Elsa.

Simba wa kwanza ni wimbo. Mwaka 1939 mjini Johannesburg, mwimbaji wa Kizulu aliyeitwa Solomon Linda alirekodi wimbo wake uitwao Mbube, maana yake simba. Mwaka 1952 alitia sahihi karatasi ya kuhamisha haki zake kwa shilingi 10. Wimbo huo ulivuka bahari, ukabadilishwa maneno, ukawa miongoni mwa nyimbo mashuhuri sana duniani. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Wakati wimbo huo uliposikika katika filamu ya The Lion King ya mwaka 1994, binti zake walikuwa wakiishi maisha ya dhiki. Mwaka 2004 kesi ilifunguliwa, na mwaka 2006 pande zote zikaafikiana familia ilipwe. Je, kesi hiyo iliegemea nini? Iliegemea kifungu cha sheria ya zamani ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotumika katika makoloni yake, kwamba haki za mtunzi huwarudia warithi wake miaka 25 baada ya kifo chake. Karatasi ndiyo iliyomponza Linda, na karatasi nyingine ndiyo iliyowaokoa binti zake.

Simba wa pili ni filamu hiyo hiyo ya The Lion King. Wachoraji wake walizuru Kenya mwaka 1991, na majabali ya Hell's Gate karibu na Naivasha yakawapa taswira. Ndani yake yamo majina ya Kiswahili kama Simba na Rafiki, na msemo ambao kila mtoto wa Pwani anaujua, hakuna matata. Msemo huo ulikuwa umekwisha kuimbwa na bendi yetu ya Them Mushrooms na kuvuma miongoni mwa watalii miaka ya 1980. Mwaka 1994 Disney iliomba kuusajili nchini Marekani kuwa alama ya biashara ya mavazi, na usajili ukakamilika mwaka 2003. Mwaka 2018 watu zaidi ya laki moja walitia sahihi malalamiko ya kuupinga usajili huo. Wanasheria walieleza, na walieleza sawa, kwamba usajili huo haumzuii mtu kuutamka msemo, unahusu nguo zinazouzwa. Lakini swali la wenye lugha lilibaki pale pale: kwa nini aliyekwenda katika ofisi ya usajili awe ni mgeni, si mwenyeji?

Sheria zetu zasemaje?

Hapana shaka kwamba sheria za Kenya zimepiga hatua. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 ndiyo iliyoanzisha halmashauri ya kusimamia haki hizo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 11, inalitaka Bunge litunge sheria ya kuhakikisha kwamba jamii zinalipwa fidia au mrabaha utamaduni wao unapotumiwa. Mwaka 2016 ikapitishwa Sheria ya kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni, ambayo inazipa serikali za kaunti wajibu wa kukusanya na kuandikisha maarifa hayo, na kutaka jamii iombwe idhini kabla ya mali yake kutumiwa kibiashara. Marekebisho ya mwaka 2022 yakaweka kwamba mwenye wimbo apate si chini ya asilimia 52 ya mapato ya milio ya simu. Huo mlio unaousikia unapompigia mwenzako ni bidhaa ya kibali hasa, sawa na fulana ya Star Wars.

Hebu mwalimu wa hesabu au wa historia ajaribu zoezi hili darasani. Kwa sheria ya Kenya, hakimiliki ya maandishi na michoro hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Joy Adamson aliuawa tarehe 3 Januari 1980. Basi kwa hesabu ya hapa kwetu haki zake zitakwisha mwishoni mwa mwaka 2030. Uingereza, ambako ni miaka 70, zitadumu hadi mwishoni mwa 2050. Mwanafunzi atashangaa kuona kwamba kitabu kuhusu simba aliyekufa mwaka 1961 chaweza kulipa watu hadi yeye mwenyewe awe mtu mzima.

Zoezi hilo lina upande mwingine. Kabla ya kuandika habari za Elsa, Joy alikuwa mchoraji. Serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa makabila ya Kenya katika mavazi yao ya jadi, na watu wa upande huu wa Mlima Kenya walikuwa miongoni mwao. Picha hizo ni hazina, na nyingi zimehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa. Lakini hakimiliki ya mchoro huwa ya mchoraji au ya aliyemwagiza kuuchora. Mzee aliyeketi akiwa amevaa ngozi zake na kushika fimbo yake ya heshima, uso wake ukachorwa, hana haki yoyote katika mchoro ule. Yeye na simba Elsa wako katika safu moja mbele ya sheria.

Mwalimu na bibi

Sasa nifikie mahali panapouma. Ni rahisi kumnyoshea kidole Joy Adamson, au Disney, au wafanyabiashara wa kaseti bandia waliowadhulumu wanamuziki wetu miaka ya 1990. Lakini hebu tutazame yanayotendeka katika shule zetu kila mwaka.

Tamasha la Muziki la Kenya limekuwapo tangu mwaka 1927. Kila msimu, walimu wa Meru, Tharaka, Chuka, Embu na Mbeere huenda vijijini kutafuta nyimbo. Mwalimu humkuta bibi aliyezijua nyimbo za mavuno, za harusi au za kubembeleza watoto tangu usichana wake. Bibi huimba, mwalimu hurekodi katika simu. Kule Chuka, kati ya Meru na Embu, wazee huwaonyesha vijana namna ya kushika ile ngoma ndefu katikati ya mapaja na kuipiga huku wakicheza. Mwalimu hurudi shuleni, akaupanga wimbo kwa sauti nne, akaupa hatua za kupendeza uwanjani, na shule ikafika fainali. Mtazamaji mmoja hunasa video na kuitia katika intaneti, ikatazamwa na maelfu. Matangazo ya biashara yakaanza kuambatanishwa nayo. Katika mlolongo huo, jina la bibi limeandikwa wapi?

Mara nyingi halikuandikwa popote. Katika programu ya tamasha hutajwa shule na mwalimu. Katika intaneti hutajwa aliyepiga video. Mcheza kwao hutuzwa, walisema wahenga, lakini bibi huyu amecheza kwao, wengine wakatuzwa. Mwalimu, bila kukusudia, amekuwa Joy Adamson, naye bibi amekuwa Elsa.

Mwalimu naye asidhani yuko salama. Sheria ya Hakimiliki, katika kifungu cha 31, inasema kwamba kazi iliyotungwa katika shughuli za ajira huhesabiwa kuwa imehamia kwa mwajiri, isipokuwa pande mbili ziwe zimekubaliana vinginevyo. Ndivyo ilivyo pia kwa kazi iliyoagizwa: aliyeiagiza ndiye mwenyewe, pasipo mapatano tofauti. Je, tamthilia ambayo mwalimu wa Kiswahili aliitunga usiku nyumbani kwake, kisha ikaigizwa na wanafunzi wake katika tamasha la drama, ni yake au ni ya mwajiri? Atasema aliitunga kwa mafuta yake ya taa. Mwajiri atasema aliitunga kwa sababu ya kazi yake. Bila karatasi, kila upande una hoja. Na kwaya ikiagizwa na mfanyabiashara au mwanasiasa imtungie wimbo, ikapewa soda na nauli, wimbo umekwisha kwenda zake.

Tarehe 1 Juni 2023 sherehe za kitaifa za Madaraka zilifanyika mjini Embu, na vikundi vya nyimbo na ngoma vilitumbuiza mbele ya taifa zima. Ni fahari kubwa. Lakini fahari huisha jioni ile ile uwanja unapofagiliwa. Picha na sauti zilizonaswa siku kama ile hubaki, na anayezimiliki ndiye atakayezitumia kesho na kesho kutwa.

Wanaopinga

Wapo watakaosema kwamba utamaduni ni wa wote, na kwamba kuuwekea bei ni kuuharibu. Hoja hii ina uzito wake. Nyimbo za jadi hazikutungwa na mtu mmoja, na hakuna anayetaka mtoto wa Siakago atozwe ada kwa kuimba wimbo wa nyanya yake. Lakini hoja hiyo haijibu jambo lenyewe. Bei tayari imewekwa, na inalipwa. Tusiulize kama nyimbo zetu ziingie sokoni, kwa sababu zimo. Tuulize nani anasimama nyuma ya meza kupokea fedha.

Wengine watasema kwamba fedha zenyewe ni kidogo, hazistahili usumbufu wa mikataba. Hata Linda aliona shilingi 10 ni fedha. Thamani ya kazi ya sanaa haijulikani siku ya kuitia sahihi. Ndiyo maana mwenye busara hutoa kibali cha muda, hauzi moja kwa moja.

La kufanya

Basi tufanye nini? Yapo mambo yasiyohitaji bajeti ya serikali.

Kwanza, kila mwalimu anayekwenda kijijini kutafuta wimbo achukue daftari. Aandike jina la aliyemfunza, mahali, tarehe, na maana ya wimbo kama ilivyoelezwa na mwenyewe. Jina hilo lisomwe jukwaani na liandikwe katika programu pamoja na jina la shule. Ikiwa video itatiwa katika intaneti, jina liwe humo. Daftari hilo laweza siku moja kuwa ushahidi, lakini hata lisipofika mahakamani litakuwa limemtendea bibi haki.

Pili, shule na mwalimu waandikiane kabla ya msimu wa tamasha, si baada ya ushindi. Ukurasa mmoja watosha: nani ametunga, nani atamiliki, na fedha zikipatikana zitagawanywaje. Ikumbukwe kwamba kwa sheria yetu kuhamisha hakimiliki, au kutoa kibali cha kumpa mtu mmoja peke yake, hakuna nguvu mpaka kuwe na maandishi yaliyotiwa sahihi na mwenye haki. Kwa hiyo karatasi yaweza kuwa ngao ya mnyonge pia. Mnyonge na asome kabla ya kutia sahihi, na neno asilolielewa aulize.

Tatu, serikali za kaunti za Meru, Tharaka-Nithi na Embu zitekeleze wajibu zilizopewa na sheria ya mwaka 2016. Wazee wa Njuri Ncheke kwa upande wa Meru, na wazee wa Embu na Mbeere kwa upande wao, ndio wanaojua ngoma ipi ni ya hadhara na ipi ni ya siri isiyofaa kuuzwa hata kidogo. Vijana wa shule za upili na wa vyuo vikuu vilivyo Meru, Chuka na Embu wanaweza kuwa makarani wa kazi hiyo. Ni mradi wa likizo ulio bora kuliko mingi.

Nne, somo hili lifundishwe. Mwanafunzi wetu huhitimu akijua aina za bahari za ushairi na vipengele vya riwaya, bila kuambiwa kwamba shairi alilotunga mwenyewe lina mmiliki tangu dakika alipoliandika, na kwamba mmiliki huyo ni yeye. Hakimiliki haingoji usajili ndipo izaliwe. Kipindi kimoja cha dakika 40 chatosha kulieleza hilo.

Siamini kwamba Meru na Embu zitapata Elsa mwingine kwa kungoja msituni. Visa vipo, vimekuwapo, na vinasimuliwa jioni hii katika vijiji vya Tigania na Runyenjes kwa lugha tamu kuliko ya kitabu chochote kilichochapishwa London. Mwaka 1960 aliyekuwa na kalamu, mashine ya kupiga chapa na mchapishaji alikuwa mgeni. Leo kalamu iko mikononi mwa mwalimu wa Maua na mwanafunzi wa Ishiara, na simu yenye kinasa sauti imo mifukoni mwao. Wasipoandika, ataandika mwingine, naye hatakuwa amefanya kosa lolote. Kosa litakuwa la walioachiwa daftari wakalikunja.